Mnara Porini: Mtandao na Wanyamapori Wanagombana Wapi Hasa?

Oktoba 2019 watafiti wa ndege wa Novosibirsk, Urusi, walifilisiwa na tai. Walikuwa wamewafunga tai wa nyika kadhaa vifaa vidogo vyenye laini ya simu, kila kifaa kikituma ujumbe mfupi kueleza ndege alipo. Mmoja wao, aliyepewa jina la Min, alishinda kiangazi chote Kazakhstan mahali pasipo na mtandao. Jumbe zake hazikupotea, zilijipanga foleni ndani ya kifaa. Alipoingia Iran na kukutana na mnara, zikatoka zote kwa mpigo, kila moja kwa rubo 49, wakati ujumbe kama huo ndani ya Urusi hugharimu rubo 2 tu. Bajeti ikakauka. Watafiti wakaitisha mchango mtandaoni ili watu wamwekee tai salio, mpaka kampuni ya simu ya MegaFon ikajitokeza kufuta deni na kuwapa bei nafuu.

Kisa kinachekesha, lakini kinagusa jambo ambalo mijadala ya minara hulisahau: wanyamapori wameshaingia kwenye mtandao wa simu, wengine kwa kufungwa kifaa shingoni, wengine kwa kujenga kiota juu ya antena bila kuombwa. Kwa hiyo ukiuliza "tulinde wanyama au tuboreshe mtandao?" umeshakosea njia kabla hujaanza safari. Hakuna ugomvi mmoja. Kuna ugomvi wa mawimbi, kuna wa taa na nyaya, kuna wa viota, kuna wa barabara na umeme, na upo mwingine ambao karibu hakuna anayeuzungumza: kuzimwa kwa mitandao ya zamani. Kila mmoja una ushahidi wake, na uzito wake haulingani na wa mwenzake. Makosa mengi, ya upande wa kampuni na ya upande wa wahifadhi, yanatokana na kuzifunga hoja hizi zote kwenye furushi moja.

Mawimbi: kelele nyingi, ushahidi mdogo

Tuanze na ugomvi unaosambazwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp. Vuli ya 2018, kwenye bustani ya Huijgenspark jijini The Hague, Uholanzi, kwenzi zaidi ya 300 walianguka na kufa katika muda wa wiki chache. Habari ikazunguka dunia kwamba ni 5G iliyokuwa ikijaribiwa jirani. Jaribio la 5G jijini humo lilikuwepo kweli, ila lilifanyika Juni, siku moja tu, miezi kadhaa kabla ya kwenzi wa kwanza kuanguka. Mizoga ilipochunguzwa ilionekana na dalili za kipigo: majeraha na damu iliyovia ndani ya mwili. Mpaka leo bado napokea picha za kwenzi wale zikiwa na maelezo mapya, safari hii eti wamekufa Dar es Salaam.

Hiyo haina maana kwamba mawimbi ya redio hayamgusi mnyama kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba kelele za umeme za mjini zinaweza kuivuruga dira ya ndani ambayo ndege wahamao huitumia kuhisi usumaku wa dunia. Ndege walipowekwa kwenye vibanda vilivyozuia kelele hizo, wakarudi kujua upande wa kuelekea. Ni utafiti mzito na ulifanywa kwa uangalifu. Ila soma masafa yenyewe: kilohezi 50 hadi megahezi 5, yaani eneo la redio za AM na kelele za vifaa vya umeme. Simu zetu zinafanya kazi juu sana ya hapo, kuanzia megahezi 700 na kuendelea. Kwa upande wa wadudu, hesabu za kompyuta zimeonyesha kwamba mwili mdogo hufyonza nishati zaidi masafa yanapopanda juu ya gigahezi 6, na hilo linastahili kufuatiliwa kwa sababu baadhi ya 5G imepangiwa huko juu. Lakini hesabu ya nishati inayofyonzwa si ushahidi kwamba nyuki wa Kitunda au Kibwezi wanapungua kwa sababu ya mnara. Anayetaka kujua kinachowamaliza nyuki aanze na viuatilifu na ukataji miti.

Sichukui upande wa kampuni hapa. Ninachosema ni kwamba hoja ya mawimbi ikitangulizwa kwenye mkutano wa kijiji, mhandisi wa kampuni hufurahi moyoni, maana hiyo ndiyo hoja anayoweza kuijibu. Zile ambazo hana jibu lake zinabaki hazijaulizwa.

"Kuboresha" maana yake nini porini

Vodacom Tanzania iliwasha 5G Septemba 2022, Safaricom ikaizindua kibiashara Kenya mwezi uliofuata. Tangazo la 5G linampa mtu picha ya minara mipya kila kona, na kwa mjini picha hiyo haiko mbali na ukweli. Masafa ya gigahezi 3.5 yanabeba data nyingi lakini hayafiki mbali, kwa hiyo vituo lazima viwe vingi na vya karibu. Porini mambo ni tofauti. Huko kampuni hutegemea masafa ya chini, megahezi 700, 800 au 900, yanayosafiri kilomita nyingi kutoka mnara mmoja ulio mlimani. Kuboresha mtandao wa mbugani, mara nyingi, ni kupanda mnara uleule wa zamani na kubadilisha vilivyoko juu yake.

Lakini mabadiliko hayo yana matokeo yake chini. Antena mpya na mitambo ya redio inayotundikwa juu huongeza uzito na kushika upepo zaidi, kwa hiyo mnara huenda ukahitaji kuimarishwa. Matumizi ya umeme hupanda, kwa hiyo jenereta kubwa zaidi, au paneli za sola na betri zaidi, au nguzo za umeme kutoka barabara kuu. Data ikiongezeka, kiungo cha mikrowevu, kile kinachoirusha hewani kutoka mnara hadi mnara, hakitoshi, unachimbwa mtaro wa mkongo. Mnyama hajui kama ni 3G au 5G. Anajua kelele za jenereta, mtaro uliokatiza njia yake, na fundi aliyepanda juu wakati makinda yako kiotani.

Taa nyekundu na usiku wa mawingu

Hapa ndipo ushahidi ulipo mzito, na umekusanywa zaidi Amerika Kaskazini. Makadirio yaliyochapishwa 2012 yalisema minara ya mawasiliano ya Marekani na Kanada inaua ndege wapatao milioni 6.8 kila mwaka. Wengi ni ndege wadogo wanaohama usiku. Usiku mmoja wa Januari 1998, magharibi mwa jimbo la Kansas, theluji na ukungu vilipokutana na taa za minara, walikufa ndege kati ya 5,000 na 10,000 kwa mkupuo.

Kinachotokea ni hivi. Ndege mhamaji wa usiku huongozwa na nyota na dira ya usumaku. Mawingu yakishuka nyota hupotea, naye hushuka chini kidogo. Akikutana na taa nyekundu inayowaka mfululizo bila kuzimika, huingia kwenye duara la mwanga wake na kuanza kuzunguka, kana kwamba nje ya duara lile hakuna dunia. Huzunguka hadi agonge nyaya za kushikilia mnara, au agongane na mwenzake, au achoke na kuanguka. Mnara wenyewe haumuui sana. Kinachoua ni mchanganyiko wa taa isiyopepesa, nyaya nyembamba zisizoonekana, na urefu.

Urefu una hesabu ya kushangaza. Katika makadirio yale ya 2012, minara iliyozidi mita 275 hivi ilikuwa asilimia 1.6 tu ya minara yote, lakini ilibeba karibu asilimia 70 ya vifo. Hiyo kwa kawaida ni minara ya televisheni na redio. Mnara wa simu wa mita 40 au 60 unaojisimamia kwa miguu yake minne bila nyaya ni mkosaji mdogo sana kwenye hesabu hii. Wahifadhi wanaopinga kila mnara kwa namba ile ya milioni 6.8 wanaitumia vibaya.

Na dawa yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Utafiti uliofanyika Michigan na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba ukiondoa taa nyekundu zinazowaka mfululizo na kubakiza zinazopepesa tu, vifo hupungua kwa kati ya asilimia 50 na 71. Ule muda mfupi wa giza kati ya mwako na mwako unatosha ndege kujinasua. Desemba 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikabadilisha mwongozo wake ili minara mipya mirefu isitumie tena taa zisizopepesa, na wenye minara ya zamani wakaruhusiwa kubadilisha. Mwenye mnara anaokoa umeme na balbu, rubani anauona mnara vilevile, ndege anapita. Ni nadra kupata suala la mazingira ambalo kila mtu anaondoka na faida, na ndiyo maana nashangaa halizungumzwi kwetu.

Halizungumzwi, ingawa sisi tuna uthibitisho wetu wenyewe kwenye mlima wa Tsavo Magharibi. Hoteli ya Ngulia iko juu ya ukingo wa mlima, na taa zake za kumulika wanyama usiku zimekuwa zikiwavuta ndege wahamao tangu ilipojengwa. Kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi na wenye ukungu, ndege kutoka Ulaya na Asia wanaoelekea kusini hushuka kwa maelfu kuzunguka mwanga ule. Tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakitandaza nyavu pale, wakiwanasa, wakiwavisha pete mguuni na kuwaachia. Kutokana na bahati ile ya taa na ukungu, Ngulia imekuwa moja ya vituo mashuhuri vya kuwavisha ndege pete barani Afrika, na pete zake zimeokotwa hadi Uarabuni na Urusi. Faida kubwa kwa sayansi, lakini maana yake haikwepeki: njia kuu ya ndege wa usiku inapita juu ya Tsavo, na taa kwenye ukingo wa mlima siku ya ukungu inawashusha. Sasa weka mlimani hapohapo mnara wenye taa nyekundu isiyopepesa na nyaya za kuushikilia.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, ambazo nchi zetu zinazifuata, zinaruhusu aina mbalimbali za taa za kuonya marubani, na baadhi yake ni nyekundu zinazowaka mfululizo, hasa kwa vitu vifupi. Kuchagua inayopepesa pale kanuni inaporuhusu ni uamuzi wa karatasi moja kati ya mwenye mnara na mamlaka ya anga. Hauhitaji mfadhili.

Furukombe aliyepanga ghorofani

Ugomvi wa viota ni wa aina nyingine kabisa, kwa sababu hapa ndege ndiye anayemfuata mwenye mnara. Mfano mzuri ni furukombe wa Amerika Kaskazini, yule anayeitwa osprey: tumbo jeupe, mgongo wa kahawia, hujitosa majini miguu mbele na kuibuka na samaki. Ndugu zake wa Ulaya huja kupisha baridi barani Afrika, baadhi yao hadi kwenye maziwa na pwani yetu.

Katikati ya karne iliyopita dawa ya kuua wadudu ya DDT iliwamaliza. Maganda ya mayai yao yalikuwa membamba kiasi kwamba mama akiatamia yanapasuka. Marekani ilipiga marufuku DDT 1972, na furukombe wakarudi. Lakini walikuta miti mikubwa mikavu ya kandokando ya maji imepungua, wakahamia kwenye vilivyokuwepo: maboya, nguzo za umeme, na minara ya simu. Ukiangalia kwa jicho la furukombe, mnara wa simu hauna mpinzani. Uko juu, unaonekana pande zote, hakuna mnyama wa kuupanda kuiba mayai, na lile jukwaa la chuma la antena limekaa kama tawi lililokatwa maalumu kwa ajili yake. Kiota chake cha fito huongezwa kila mwaka kwa sababu hurudi palepale, na baada ya vizazi kadhaa huweza kuwa kikubwa kiasi cha mtu mzima kukaa ndani.

Sheria ya Marekani ya Mkataba wa Ndege Wahamao, ya 1918, inasema kiota chenye mayai au makinda hakiguswi bila kibali. Kikiwa kitupu, baada ya msimu, kinaweza kuondolewa. Tai mwenye kichwa cheupe, ndege wa taifa, ana ulinzi mkali zaidi chini ya sheria ya 1940: kiota chake hakiguswi hata kikiwa kitupu. Kwa hiyo mnara wenye furukombe, sehemu nyingi za kaskazini, hufungwa kwa kazi ya juu kuanzia Aprili hivi hadi Agosti.

Sasa weka sheria nyingine kando ya hiyo. Mwaka 2012 bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachosema ombi la kubadilisha vifaa kwenye mnara uliopo, bila kuukuza sana, serikali za mitaa zisilikatae. Tume ya mawasiliano, FCC, ikaweka muda wa siku 60 za kuamua. Mji unatoa kibali ndani ya miezi miwili, halafu kampuni inafika na mafundi na winchi, inakuta makinda matatu juu yanawachungulia. Kibali cha mji hakina nguvu mbele ya yai. Mteja wa kijiji kile anaendelea kupata mtandao wa kusuasua mpaka makinda yaruke, na anapiga simu ofisini kulalamika, mtandao ukimruhusu.

Suluhisho limeshajulikana na si la kitaalamu sana. Mnara unakaguliwa kwa droni au darubini majira ya baridi, ndege wakiwa kusini. Kiota kitupu kinaondolewa au kuhamishiwa kwenye nguzo yenye jukwaa iliyosimikwa jirani, ndefu kidogo ya kumshawishi, na pale penye antena panawekwa kizuizi cha fito zisikae. Vifaa vinafungwa kabla ya Machi. Kinachoshindikana ni kalenda: idara inayopanga bajeti ya mtandao na idara inayojua ndege wako wapi hazikai chumba kimoja, wakati mwingine hazipo hata katika kampuni moja, kwa sababu mnara ni wa kampuni ya minara na antena ni za kampuni ya simu. Kwa Tanzania ni vilevile, minara mingi iko mikononi mwa kampuni kama Helios Towers zinazokodisha nafasi kwa mitandao kadhaa.

Sheria yenyewe ya 1918 nayo haijatulia. Je, inamgusa mtu aliyeua ndege bila kukusudia, kama mwenye mnara? Desemba 2017 wanasheria wa serikali walisema hapana. Mwaka 2021 serikali iliyofuata ikasema ndiyo. Aprili 2025 jibu likarudi kuwa hapana. Kampuni inayojenga mnara wa kudumu miaka 30 haiwezi kupanga mambo yake kwa sheria inayobadilika kila uchaguzi, na zile zenye busara zimeamua kufuata miongozo mikali bila kusubiri.

Kwetu hakuna furukombe wengi wa kufungia kazi. Tuna kunguru, ambaye hujenga kiota chake kwenye mnara kwa fito na vipande vya waya, na tuna nyuki, ambao kila fundi wa minara ana hadithi yao. Nyuki akihamia kwenye kabati la mitambo, tatizo la uhifadhi hugeuka haraka kuwa tatizo la kukimbia. Cha kufanya ni kumwita mrina asali badala ya dawa ya kupuliza.

Kinachofuata nyuma ya mnara

Eneo la mnara lililozungushiwa uzio ni dogo, halifiki ukubwa wa kiwanja cha nyumba. Mtu anayepinga mnara kwa sababu "unachukua makazi ya wanyama" hajaupima. Anachopaswa kukipima ni barabara ya kuufikia. Jenereta linataka mafuta, mafuta yanataka gari, gari linataka njia masika na kiangazi. Njia hiyo ikishakatwa haiulizi anayeipita ni fundi au ni jangili. Uskoti, ambako Machi 2020 serikali ya Uingereza na kampuni nne za simu walikubaliana mpango wa pauni bilioni 1 wa kufikisha 4G vijijini, upinzani mkubwa wa wapenda milima uliihusu hoja hii: barabara na minara kwenye nyika zisizo na nyumba hata moja, ili ramani ya mtandao isomeke vizuri kwenye takwimu.

Umeme nao una mkasa wake. Februari 2021, kwenye hifadhi ya Soysambu karibu na Nakuru, twiga watatu walikufa kwa kupigwa na umeme wa nyaya zilizopita chini kuliko urefu wao. Nyaya zile si kosa la kampuni ya simu. Lakini kila mara mnara unapotolewa kwenye jenereta na kuunganishwa na gridi, kuna nyaya mpya zitakazopita mahali, na twiga dume hufika zaidi ya mita 5. Ndiyo maana porini sola na betri vina thamani kuliko inavyoonekana kwenye hesabu ya fedha: vinaondoa nguzo, vinaondoa kelele, na vinaondoa lori la mafuta la kila wiki.

Tanzania, Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wananchi wa vijiji hivyo wana haki ya mtandao kama mtu wa Masaki, na anayeishi kandokando ya hifadhi anauhitaji zaidi: tembo akiingia shambani saa nane usiku, simu ndiyo inayomfikia askari wa wanyamapori. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi inayoweza kuyadhuru, na ndani ya hifadhi ya taifa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina neno la mwisho kulingana na mpango wa hifadhi husika. Utaratibu upo. Udhaifu wake ni kwamba tathmini hutazama mnara mmoja mmoja. Mnara mmoja kwenye ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, hauzuii tembo kupita. Mnara, na barabara yake, na umeme wake, na maduka matatu yaliyofuata umeme, na shamba lililofuata barabara, hivyo pamoja ndivyo vinavyoufunga ushoroba, na tathmini ya mnara mmoja mmoja haivitazami pamoja.

Tofauti yake ni pale mtandao unapofuata njia iliyokwishakuwepo. Agosti 2022 shirika la simu la Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha wapanda mlima cha Horombo, kwenye mita 3,720 za Kilimanjaro. Wengi walicheka kwamba sasa watu watapanda mlima kupiga picha za mtandaoni, kana kwamba kabla ya hapo walikuwa wanapanda kusali. Kituo kipo miaka mingi, njia ipo, wapagazi na waongozaji wapo, na mgonjwa wa mwinuko anahitaji kuokolewa haraka. Kwa mizani yoyote hilo ni bora kuliko kilomita 10 za barabara mpya kwenye msitu usio na mtu.

Tembo naye ana laini

Kufikia 2008 hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, ilikuwa na tembo dume aitwaye Kimani aliyekuwa mvamizi sugu wa mashamba. Shirika la Save the Elephants lilimfunga shingoni kifaa chenye GPS na laini ya simu, kisha likachora uzio wa kufikirika kwenye ramani ya kompyuta. Kimani akiukaribia, kifaa kilituma ujumbe kwa walinzi, nao waliwahi na gari na taa kumrudisha kabla hajafika kwenye mahindi ya watu. Tembo wengine wa kundi lake la uvamizi walikuwa wameshapigwa risasi na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS. Kwa Kimani, laini ya simu ilikuwa tofauti kati ya kuishi na kufa.

Watafiti wa Tanzania huviita vifaa hivi visukuma mawimbi. Vingine hutumia setilaiti, ambayo hufika kila mahali lakini gharama yake ya kila mwezi ni kubwa. Vingine hutumia mtandao wa simu, ambao ni rahisi, na vingi vya miaka iliyopita vilitengenezwa kwa 2G au 3G, kwa sababu ujumbe mfupi wenye namba za mahali hauhitaji zaidi ya hapo. Sasa unaona ugomvi wa mwisho ulipo. Kampuni ya simu inapopanda daraja hutaka kuzima kizazi cha zamani ili masafa yake yatumike kwa kipya. Marekani walizima 3G ndani ya 2022: AT&T Februari, T-Mobile katikati ya mwaka, Verizon mwisho wa Desemba. Kifaa kinachojua 3G peke yake, kiwe kengele ya nyumba au kifuatiliaji mgongoni mwa tai, kilinyamaza siku hiyo.

Simu ya mtu unaibadilisha dukani. Ya tembo haibadilishwi hivyo. Inabidi umtafute, helikopta au gari, daktari wa wanyamapori ampige sindano ya usingizi, alale upande salama, avuliwe, avalishwe, aamshwe, na kila hatua ina hatari yake. Betri ya kifaa imepangiwa miaka kadhaa. Ukizima mtandao katikati, umefupisha maisha ya kifaa na kumwongezea tembo usingizi mmoja ambao hakuuhitaji. Afrika Mashariki 2G bado ina nguvu kwa sababu mamilioni ya watu wanatumia vitochi, kwa hiyo kwa sasa mwenye kitochi na tembo wako chama kimoja. Lakini kila mwaka simu janja zinaongezeka, na siku mwenye kitochi wa mwisho atakapohama, hakuna atakayemkumbuka mwanachama wa pili.

Kuzuia hilo hakugharimu mnara hata mmoja. Mamlaka za mawasiliano, TCRA kwetu na CA Kenya, zinapopokea ratiba ya kampuni ya kuzima kizazi fulani, zinaweza kuitaka iorodheshe laini za vifaa, siyo za watu, zilizosajiliwa kwenye mtandao huo, na kuipeleka ratiba kwa taasisi za utafiti wa wanyamapori, TAWIRI ya Tanzania na WRTI ya Kenya, miaka mitatu au minne kabla, muda wa betri moja ya kisukuma mawimbi. Kipande chembamba cha masafa ya 2G kikiachwa kwenye minara inayozunguka hifadhi kinatosha kubeba ujumbe wa kila tembo aliyefungwa kifaa. Na kwenye mkutano wa kijiji ambako mnara unapangwa, kabla ya mtu kunyanyuka kuuliza habari ya mawimbi, ulizeni haya: taa inapepesa au inawaka mfululizo, mnara una nyaya au unajisimamia, umeme unatoka wapi, barabara itafungwa na nani ujenzi ukiisha, na fundi atapanda mwezi gani.